Nilichokiona Mwamgongo

Kamati ya sherehe iliniomba ukurasa mmoja tu. Usharika wetu wa Buzebazeba ulikuwa unajiandaa kuadhimisha kuanzishwa kwake, na kila mzee aliyebaki na kumbukumbu alipewa kipande chake cha kuandika. Mimi nilipewa mwaka ambao kanisa lilijaa. Niliandika jinsi tulivyobomoa ukuta wa nyuma tukaongeza nafasi, jinsi kwaya ilivyokua mpaka waimbaji wakawa wanasimama kwenye ngazi za madhabahu, na jinsi mwalimu Zabuloni kutoka ng'ambo ya ziwa alivyotufundisha kuimba kwa namna ambayo hatukuwahi kuisikia. Mstari wa mwisho niliandika, "Baadaye mwalimu Zabuloni alihama." Siku ya sherehe ukurasa ule ulisomwa na kijana mwenye sauti nzuri. Watu wakapiga makofi, na mimi niliyeketishwa safu ya mbele pamoja na wazee wenzangu nikainamisha kichwa kama mtu mnyenyekevu.

Wakati wa chakula mama mmoja wa miaka hamsini na kitu alikuja akavuta kiti karibu na changu. Alivaa sare ya kwaya ya kijiji cha Mwamgongo, kitenge cha kijani chenye mduara wa njano. Sahani yake ya pilau aliishika magotini bila kuigusa. "Shikamoo, Mzee Yoeli." Nikaitikia. "Hunikumbuki," akasema. "Mimi Marta. Nilikumiminia maji ya kunawa, nyumbani kwetu Mwamgongo, nikiwa darasa la pili. Nimesikia ulivyoandika. Lakini baba mdogo hakuhama." Nilitazama kulia na kushoto kuona nani anatusikiliza. Aliliona jicho langu likizunguka, akaendelea bila kupunguza sauti. "Mama yangu anaumwa. Miguu imevimba, hatoki tena nje bila kushikwa. Ametengwa kanisani tangu mwaka huohuo uliouandika. Akifa kesho, mchungaji hatamzika, na kwaya ninayoifundisha mimi mwenyewe haitaimba. Barua nimeonyeshwa. Ina majina matatu chini yake, na wawili wameshakufa." Akaiweka sahani chini ya kiti. "Sikuja kugombana, mzee. Nimekuja kuuliza kama utaandika ulichokiona, au utatuacha hivihivi."

Jambo la kwanza nililojiuliza, na naliandika ili nijulikane nilivyo, ni nani aliyemtuma. Nilifikiri labda kuna mtu kwenye kamati asiyenipenda. Nilifikiri labda wanataka kuharibu jina langu sasa ninapokaribia kuondoka. Mama wa watu amekuja kuomba mama yake azikwe kwa heshima, nami natafuta njama. Tabia hiyo sikuzaliwa nayo. Niliipata mwaka ule, katika chumba kidogo nyuma ya madhabahu, na nimeishi nayo zaidi ya miaka arobaini.

Chumba kile kilikuwa na dirisha moja lisilo na kioo, benchi mbili, kabati la vitabu vya nyimbo, na meza iliyopungukiwa mguu mmoja ikaegemezwa ukutani. Baada ya ibada akina mama walipika hapo chai ya rangi na kuchemsha mihogo, na wazee wa kanisa waliingia kunywa wakizungumza mambo ya usharika. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nimemaliza kidato cha nne, nafundisha kwaya kwa nota za do-re-mi nilizozichora kwenye ubao, na nimefanywa katibu wa baraza kwa sababu mwandiko wangu ulisomeka. Kabla ya mwaka ule chumba hakikuwa na kufuli. Tulikuwa wachache na kila mmoja alijua mwenzake amelala wapi na amekula nini. Kisha ikaanza kuja familia moja baada ya nyingine, wengine kutoka vijiji vya ziwani, wengine kutoka ng'ambo, upande wa Kongo. Walikuja wameshika barua za utambulisho kutoka makanisa yao, karatasi zilizolowa na kukaushwa, mihuri imesambaa wino. Mchungaji aliwapokea wote kwa furaha. Sisi tulisimama tukaimba wimbo wa kuwakaribisha, na wiki iliyofuata tukanunua kufuli la kabati la vitabu. Akina mama wakaanza kuhesabu vikombe. Hakuna kikombe kilichowahi kupotea, ila kuhesabu hakukukoma.

Zabuloni alikuja na barua kama wengine. Alikuwa mtu wa miaka thelathini na kitu, mrefu, mikono imekatwakatwa na kamba. Alivua dagaa kwenye mtumbwi wa tajiri mmoja wa Kibirizi. Mke wake alikuwa bado ng'ambo kwa wazazi wake, akisubiri mumewe apate pa kukaa. Jumapili ya tatu alisimama nyuma ya kwaya yangu akaongeza sauti ya chini, taratibu, na wimbo niliokuwa nimeufundisha miezi miwili ukageuka kitu kingine kabisa. Mtu hawezi kusahau siku anapogundua kwamba kazi yake inafanywa vizuri zaidi na mwingine bila jasho. Baada ya ibada aliniambia, "Mwalimu, wimbo iko muzuri. Hapana kuukimbiza tu. Uache upumue." Waimbaji wakacheka, nami nikacheka nao. Kufikia katikati ya mwaka mchungaji alimtangaza kuwa mwalimu wa kwaya pamoja nami, na kila mtu alijua maana ya "pamoja". Watu walianza kuja kutoka Ujiji na Mwanga kusikiliza. Walijaa mpaka wakasimama nje madirishani. Ukuta wa nyuma tuliubomoa kwa ajili yake, na mimi ndiye niliyeshika nyundo ya kwanza, nikipigwa picha.

Sasa, anayeishi pwani ya Tanganyika anajua kwamba uvuvi wa dagaa unafuata mwezi. Siku za giza wavuvi hutoka na karabai, taa zinavuta dagaa juu, na kila mtu yuko ziwani. Mbalamwezi ikija, taa haina kazi, mitumbwi inavutwa mchangani na wavuvi wanalala nyumbani, wanashona nyavu, wanakwenda kanisani na wake zao. Jumapili za mbalamwezi kanisa letu lilinukia samaki na sabuni. Kwa hiyo Mama Dina, kiongozi wa akina mama, ndiye aliyeona kwanza. Nilikuwa nafungua kabati, yeye na mwenzake wanamenya mihogo karibu na mlango. "Huyu mwalimu wenu ni mvuvi wa namna gani?" akasema. "Siku za giza, wenzake wamechoka wamelala, yeye anakuja na dagaa kwenye nywele anaimba. Mbalamwezi, wavuvi wote wako hapa, yeye hayupo." Mwenzake akasema labda anapumzika. "Anapumzikia wapi?" akauliza Mama Dina. "Chumba chake kimefungwa. Jirani yake kaniambia. Tangu Ijumaa mpaka Jumatatu." Kisha akaniona. "Wewe katibu, masikio yako yamekaa vizuri leo." Nikajibu kwamba natafuta kitabu. Sikuwa natafuta kitabu. Nilibaki pale mpaka mihogo ikaiva.

Nikaanza kuandika kwenye daftari. Hiyo nayo lazima niiseme. Kila Jumapili niliandika kama yupo au hayupo, na pembeni nikachora mwezi. Miezi mitatu ilinitosha. Hakukosea hata mara moja. Nilimpelekea daftari Mzee Barnaba, mwenyekiti wa baraza la wazee, mtu mwenye moyo mzuri lakini aliyeogopa sana kuchekwa. Mwaka huo baraza lilikuwa limetenga wanaume wawili kwa kosa la kurithi wajane wa ndugu zao, na watu wa makanisa mengine mjini walikuwa wakisema usharika wetu unakua kwa sababu unapokea kila mtu na mizigo yake. Mzee Barnaba alifungua daftari, akatazama miezi yangu iliyochorwa kwa kalamu, akavunja njiti ya kiberiti vipande vitatu kama alivyozoea akifikiri. "Kijana, hii ni kazi ya polisi," akasema. Nikadhani ananikemea. Kisha akasema, "Wiki ijayo ni mbalamwezi. Mfuate. Ukirudi utuambie ulichokiona."

Nilipanda boti ya abiria Kibirizi siku ya Jumamosi, siku moja nyuma yake, maana niliuliza wapakiaji wakaniambia huwa anashuka Mwamgongo. Tulipita Gombe juani, magunia ya chumvi yamenibana miguu. Mbele yangu alikaa mzee mmoja wa Kagunga aliyeniuliza kwa Kiswahili chenye Kiha ndani yake naenda kwa nani. Nikamwambia naenda kusalimia. "Unasalimia nani, hujui jina?" akasema, na watu wa boti nzima wakacheka. Nilishuka saa tisa alasiri. Sikuhitaji kuuliza. Nilimwona mbali kabisa, juu ya paa la nyumba ya udongo, anafunga nyasi mpya kwa kamba ya migomba, na chini yake mwanamke anamrushia mafungu ya nyasi. Moyo wangu ulifurahi. Nakiri hivyo.

Yeye naye aliponiona alishuka haraka, akanishika mikono yote miwili. Hakuonyesha hofu yoyote, na jambo hilo liliniudhi. "Mwalimu Yoeli, karibu. Huyu ni shemeji yangu, Mama Marta. Mume wake ni kaka yangu. Alizama mwaka juzi, hapo mbele, dhoruba." Mama Marta alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, mkavu, mwenye macho yasiyokimbia. Akanisalimia, akaingia ndani. Nikakaa kibarazani na Zabuloni. Nilikaa pale mpaka jua linazama na niliona yote. Hakuvuka kizingiti cha nyumba ile hata mara moja. Alipotaka panga, alimwita mtoto Marta amletee. Ugali wa muhogo na samaki wa mgebuka wenye mawese vilitolewa nje, tukala mimi na yeye barazani, na Mama Marta akala ndani na watoto. Alipomaliza kula alisema usiku mwema kwa sauti, majirani wasikie, akachukua mkeka akashuka mchangani. Mimi nililala nyumba ya pili, kwa muumini mmoja wa pale.

Alfajiri, kukianza kupambazuka, nilitoka. Kuna mtumbwi wa zamani ulikuwa umevutwa juu ya mchanga, mbao zimeachana, haufai tena kuingia majini. Ulikuwa wa marehemu kaka yake. Zabuloni alikuwa amelala ndani yake, amejifunika turubai, miguu yake mirefu imetokeza nje. Marta alikuwa amesimama kando na bakuli la uji. "Baba mdogo, amka, uji unapoa." Muumini aliyenilaza alikuwa anapiga mswaki karibu yangu. "Ndiyo kitanda chake hicho," akasema. "Hata mvua inyeshe. Tumemwambia aje kwetu, hataki. Anasema kwa kaka yake kunatosha."

Zabuloni alipomaliza uji alinifuata tukasimama kwenye maji yanayofika vifundoni. "Wewe umetumwa," akasema, lakini bila ubaya. "Iko muzuri. Mimi niliogopa kusema kule. Watu wawili wametengwa, nani ataniamini mimi mgeni? Ndugu zangu wanasema nimurithi. Mimi nimekataa, niko na mke. Lakini watoto wa kaka nitawaacha? Mbalamwezi haina kazi, ninakuja kulima, kuziba paa, basi." Akacheka kidogo. "Sasa umeona mwenyewe. Kuna mutu ameona. Wazee wakiuliza, utasema?" Nikamwambia, "Nitasema." Mama Marta akaita kutoka kibarazani kwamba kuna muhogo wa kuchemsha, nile kabla ya safari. Marta akanimiminia maji nikanawa. Nilimega vipande viwili. Boti ikapiga honi, nikanyanyuka nikauacha muhogo kwenye sahani, nikakimbia. Nilipogeuka Mama Marta alikuwa bado ameshika kifuniko cha chungu, ananitazama.

Njiani nilijiambia nitasema yote. Nakumbuka nilizipanga hata sentensi. Lakini tulipoikaribia Kibirizi nilianza kuwaza Jumapili ijayo, wale watu madirishani, na mimi nimesimama pembeni nikigeuza kurasa za mtu mwingine.

Baraza lilikaa mchana wa Jumatano katika kile chumba cha chai. Walikuwa Mzee Barnaba, mzee mwingine aliyekuwa mhazini, na mimi na kalamu yangu. Mchungaji alikuwa safarini. Mzee Barnaba alikuwa na kiberiti mkononi. "Ulikwenda?" Nikasema nilikwenda. "Ulimkuta?" Nilimkuta. "Wapi?"

"Nyumbani kwa mwanamke."

"Mwanamke gani?"

"Mjane wa kaka yake."

Mhazini akavuta pumzi. Mzee Barnaba akavunja njiti. "Na asubuhi yake?"

"Alikuwa bado hukohuko."

Kisha akaniuliza swali ambalo nimelisikia masikioni mwangu katika kila ibada tangu siku ile. Aliniuliza polepole, kama mtu anayetaka aambiwe. "Yoeli, una la kuongeza?" Kupitia dirishani nilisikia waimbaji wanakusanyika kwa mazoezi, wanacheka, mmoja anaigiza sauti ya chini ya Zabuloni. Nikasema, "Sina."

Walimwita. Aliingia akiwa ameinamisha kichwa kwa sababu ya mlango mfupi, akaniona nimekaa, na uso wake ukatulia kabisa. "Ah, mwalimu yuko hapa," akasema. "Basi iko muzuri. Yeye ameona." Mzee Barnaba akamjibu, "Ndiyo. Ametueleza." Zabuloni akanitazama akatabasamu, tabasamu la kunishukuru. Alibaki nalo mpaka Mzee Barnaba alipoanza kusoma uamuzi niliouandika mimi mwenyewe, kwa mwandiko wangu unaosomeka: kwamba ametengwa na meza ya Bwana, ameondolewa kwenye kwaya, na kwamba barua itapelekwa kwa waumini wa Mwamgongo kuhusu yule mwanamke. Hapo kwenye mwanamke ndipo aliponyanyua kichwa. Alinitazama tena, muda mrefu. Nilidhani atazungumza. Angeweza kusema nendeni mkaulize majirani. Lakini wangemwita shemeji yake pia, akalishwe kiapo mbele ya wanaume juu ya kitanda chake, na nadhani hilo hakuliweza. Alisema tu, "Mama wa watu mumuache." Akainama, akatoka. Alikaa kwenye benchi la nyuma miezi miwili, kwenye ile nafasi tuliyoiongeza kwa ajili yake, kisha akavuka kurudi ng'ambo. Niliambiwa miaka mingi baadaye kwamba amefia huko. Kwaya ikarudi kwangu. Watu wa madirishani walipungua mpaka hatukuhitaji tena nafasi ya ule ukuta tulioubomoa.

Mama Marta aliambiwa atubu mbele ya waumini ndipo arudishwe kundini. Alikataa. Hayo alinisimulia Marta siku ya sherehe, pilau imeshapoa. "Majirani walimtetea, wakaambiwa barua ya wazee haipingwi. Kila mchungaji mpya anamwambia, mama, tubu tu yaishe. Anawajibu, nitubu nini? Anasema kuna mtu aliona. Baba mdogo alimwambia hivyo kabla hajavuka. Alimwambia, usiogope, shahidi yuko, ipo siku atasema." Niliuliza kama Zabuloni hakumweleza nilichofanya. "Hakumweleza," akasema Marta. "Mimi nimejua juzi, nilipoona jina lako kwenye barua."

Niliandika kesho yake. Niliandika kuhusu paa, kizingiti, mkeka, mtumbwi na uji. Niliandika swali la Mzee Barnaba na jibu langu. Mchungaji wetu wa sasa, kijana wa miaka ya kuwa mjukuu wangu, alisoma akaniuliza kama niko tayari karatasi ile isomwe hapa kwetu kwanza, mbele ya watu walionipigia makofi. Ilisomwa. Nilisimama wakati inasomwa. Hakuna aliyenizomea. Ila tangu siku hiyo nikiingia kwenye kile chumba cha chai, mazungumzo yanapungua sauti, nami najua kwa nini.

Wiki iliyofuata tulikwenda Mwamgongo, mimi, mchungaji na Marta. Mama Marta alikuwa ameketi kibarazani kwenye kiti cha plastiki, miguu juu ya gunia lililokunjwa. Macho ni yaleyale. Alipokea shikamoo ya mchungaji. Yangu aliiacha hewani. Nikafungua karatasi nikamsomea yote. Nilipomaliza alinyoosha mkono, akachukua karatasi, akaigeuza kutazama nyuma kama kuna maneno mengine, kisha akampa binti yake.

"Marta, soma wewe," akasema. "Huyu nimeshamsikia."

Marta akasoma tangu juu mpaka chini. Alipofika pale pa mtumbwi mama yake akamwambia arudie. Akarudia.

"Ni yaleyale aliyoyasoma?"

"Ni yaleyale, mama. Neno kwa neno."

Mama Marta akamtazama mchungaji. "Umesikia. Alikuwa analala nje." Akaichukua karatasi, akaikunja mara nne, akaiingiza ndani ya kitenge chake kiunoni, akakaza fundo. Ndipo akaniangalia, mara ya kwanza tangu nifike.

"Mpe muhogo," akamwambia binti yake. "Mara ile hakumaliza."